Safari ya Durban na Maneno ya Bi Rehema

Shoga zangu, tangu nirudi hamjaniacha nikapumua. Kila anayekuja kupima gauni anauliza habari za Durban. Namsimulia huku mkasi uko mkononi, akitoka anaingia mwingine, naanza upya. Wiki iliyopita nilimkatia mtu mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake kwa sababu ya maneno. Basi nimekaa chini nimeandika, mwenye kusoma amsomee jirani yake. Mambo ya tiketi na pasi kamuulizeni mwanangu Hamisi, yeye ndiye aliyeyahangaikia. Mimi naanzia pale basi lilipowasha moto.

Sababu ya safari mnaijua. Hamisi yuko Durban mwaka wa sita sasa, anatengeneza simu kwenye duka moja mjini, na mkewe Esperansi, Mkongo wa Lubumbashi, anasuka nywele saluni. Esperansi alikuwa na mimba ya kwanza na mama yake hayupo duniani. Nikasema mkwe wangu hawezi kuzaa ugenini bila mtu mzima wa kumkanda na kumwogesha. Nitakwenda nikae naye arobaini yote.

Lindi mpaka Tunduma

Nilipofika Dar es Salaam tu, simu ikalia. Hamisi. "Mama, kashajifungua! Wa kike!" Mtoto kawahi, na mimi sijatoka hata nchini kwangu. Nililia pale kituoni, watu wakadhani nimefiwa, mama mmoja akanishika bega akaanza kunipa pole. Nikamwambia nimepata mjukuu. Akaniangalia, akasema, "Sasa si ucheke, dada?"

Njia nzima ya Mikumi, Iringa mpaka Mbeya nilikuwa nahesabu moyoni mtoto ana siku ngapi na mama yake anaogeshwa na nani. Tunduma baridi ilinikamata vibaya. Sisi watu wa Lindi baridi tunaisikia kwenye redio. Nilivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, nikavuka mpaka nimenenepa ghafla.

Zambia, pale basi lilipotufia

Tulipopita Mpika basi likatoa mlio kama mtu anayekohoa, likakaa kimya. Dereva akashuka, utingo akashuka, wanaume wote wakashuka kuinamia injini kama kawaida yao. Kilichovunjika kilihitaji kwenda kutafutwa mjini. Tukakaa kando ya barabara, upande huu msitu, upande ule msitu.

Wanawake wa kijiji cha jirani wakaja na vyakula. Mmoja alikuwa na kitu cha kahawia, amekikata vipande kama soseji. Kilinukia vizuri na njaa nilikuwa nayo, lakini nikatikisa kichwa nikamwonyesha ushungi wangu: mimi Mwislamu, nyama nisiyoijua sili. Yule mama akacheka mpaka akaweka sinia chini. Akachimba ardhi kwa kidole, akajifanya anang'oa kitu, akakiponda, akakipika, vyote kwa mikono mitupu. Utingo alipopita akaniambia, "Bi mkubwa, hiyo ni chikanda. Mizizi hiyo na karanga. Hakuna nyama hapo." Nikala vipande vitatu. Tamu, shoga zangu.

Akaniuliza kwa ishara nakwenda wapi. Nikabembeleza mtoto hewani. Akainuka, akaenda kwao, akarudi na kipande cha kitenge kipya, akanikunjia mkononi. Jina lake sikulipata. Basi liliponguruma tulikimbia kupanda hata sikumuaga sawasawa.

Chirundu, Beitbridge, Johannesburg

Zimbabwe niliiona kupitia dirisha la basi, na mahindi ya kukaangwa ya maputi ndiyo yaliyokuwa chakula changu. Beitbridge, mpakani pa kuingilia Afrika Kusini, foleni ilikuwa ndefu mpaka watu tuliosimama pamoja tukawa ndugu. Kijana wa Kimalawi alinishikia nafasi nikaenda kuswali, nikarudi nikamshikia yeye akaenda kununua maji. Johannesburg sikuona kitu zaidi ya kituo na ngazi zinazotembea zenyewe, ambazo sikuzipanda. Hamisi alikuwa amenionya kwenye simu nisizungumze na mtu yeyote. Nilitii mpaka nikakaa kwenye basi la Durban. Hapo nikazungumza.

Ukungu wa Van Reenen

Kabla ya kushuka milima kuingia upande wa Durban kuna mahali panaitwa Van Reenen. Ukungu ulikuwa umeshuka hata mbele ya basi hapaonekani, malori yamejipanga barabarani, hakuna anayekwenda. Nikampigia Hamisi kumwambia tumekwama. Nilipokata simu, mama aliyeketi kando yangu, wa umri kama wangu, kajifunga ushungi wa buluu, akaniuliza kwa Kiingereza, "Hicho ulichosema ni Kiswahili?"

Kiingereza changu ni kile cha kidato cha nne, lakini alisema taratibu. Nikamjibu ndiyo. Akanishika mkono. "Mimi Mzanzibari."

Nikafurahi. "Unguja sehemu gani?"

"Durban."

"Umezaliwa Unguja, unaishi Durban?"

"Hapana. Nimezaliwa Durban. Mama yangu kazaliwa Durban. Bibi yangu kazaliwa Durban."

Tukabaki tunatazamana. Ikabidi anieleze toka mwanzo. Aliitwa Shamima. Wazee wa wazee wake walikamatwa utumwani pwani ya Msumbiji, Wamakua wengi wao. Manowari za Waingereza zikawakomboa baharini na kuwashusha Durban, na huko watu wakawaita Wazanzibari, jina likabaki. Waliishi pamoja sehemu inaitwa Kings Rest, kwenye kilima cha Bluff juu ya bandari, wakajenga msikiti wao, wakazika watu wao.

Nikamwambia, "Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakua wa Masasi." Alininyanyua mkono akaubusu. Abiria wa nyuma walidhani tunafahamiana siku nyingi.

Ndipo akanitolea habari ya bibi yake, Bi Rehema. Wakati wa ubaguzi serikali ilisema Bluff ni ya wazungu, watu wengine wote watoke, wapelekwe Chatsworth. Malori yakaja. Watu wakaanza kupakia vitanda. Wa kwanza kukataa alikuwa Bi Rehema. Alisimama mbele ya mlango wake akapaza maneno kwa lugha ya zamani, na lori likaondoka tupu. Likarudi, akayasema tena. Wanawake wengine wakamwona, wakaanza kukataa nao. Kila mwaka ukoo unakutana kumsomea dua, na maneno yale wameyaandika kwenye fulana.

"Maneno gani?" nikauliza.

Shamima akakaa wima kama anayetaka kusoma aya. "Stogi sijanuwa."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikayageuza huku na huku, sikuambulia kitu.

"Imamu wetu anasema ni dua," akasema. "Mjomba mmoja anasema ni laana, maana siku ya kwanza lori liligoma kuwaka. Hakuna anayejua. Wazee waliojua lugha wamekwisha. Wewe huyajui?"

Nikamwambia siyajui, na iliniuma kuona uso wake. Tukabadilishana namba. Ukungu ulipoinuka tulikuwa tumekula sambusa zake zote.

Cato Manor

Hamisi alinipokea kituoni, amekonda, anacheka. Anaishi Cato Manor, nyumba zimepanda kilima na kushuka, na ukitoka nje asubuhi unaona upande wa mjini. Mlangoni alisimama Esperansi na mtoto kifuani.

"Bienvenue, mama," akanikaribisha. "Nilikupika tangu asubuhi. Nikupike, nikupike, wapi!"

Nikamtazama Hamisi. Hamisi akacheka. "Kwao kupika ni kupiga, mama. Alikupigia simu."

"Iko maji ya moto, iko sombe, iko na samaki," Esperansi akaendelea. Sombe nikakuta ni kisamvu chetu hiki hiki, ila kwa mawese. Mjukuu nikampokea, wanamwita Neema. Alikuwa amelala, ngumi mbili zimekunjwa kama anamgombeza mtu.

Siku chache za mwanzo zilikwenda vizuri. Nilimkanda mkwe wangu, nikampikia uji wa pilipili manga, akanywa kwa kukunja uso. Kisha jioni moja akasema, "Mama, lundi mi narudi kazini."

Nikaruka kwa furaha. "Lindi? Utakuja Lindi?"

"Lundi, mama. Jumatatu."

Furaha ikageuka. Mtoto hajafika hata nusu ya arobaini! Nilisema mengi. Esperansi alinisikiliza mpaka nikamaliza, akajibu kwa upole, "Mama, kiti yangu pale saluni, nisipokaa mimi atakaa mwingine. Hapa ni hivyo." Hamisi alikuwa anaangalia sakafu. Nilikwenda kulala nimenuna. Asubuhi nikasema basi, utakwenda, lakini mtoto nitakuletea kila saa ya kunyonya. Ndivyo tulivyofanya. Nilikuwa nashuka na teksi za kule, zile Hiace zao, nimembeba Neema mgongoni, nateremkia kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, naingia saluni, na wale wasichana wa Kikongo wanasimama wote kunipa kiti.

Sasa sikilizeni. Siku moja tulikuwa tunampeleka mtoto kliniki. Esperansi kashafika njiani, mwavuli mkononi, na mawingu ya Durban hayabishi hodi. Mimi nimebaki uani, nepi za mtoto zimejaa kwenye kamba. Akaita, "Mama, twende! Teksi iko!"

Nikajibu kwa sauti, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni, "Sitoki, sijaanua!"

Nilisimama pale pale. Kibanio kikaanguka. Sitoki, sijaanua. Stogi sijanuwa.

Mvua ikanyesha, nepi zikalowa. Esperansi akarudi mbio akadhani nimepatwa na ugonjwa. "Mama, ju ya nini unacheka peke yako?"

Kicheko hakikudumu. Usiku sikupata usingizi vizuri. Dua wanayoivaa kifuani, laana iliyozima lori, kumbe ni mtu anasema hajaanua nguo? Nimwambie nini Shamima? Hamisi alisema, "Mama, nyamaza tu. Watu wanaishi na jambo lao, wewe unapita." Esperansi akasema hapana. "Alikuuliza, mama. Mtu akikuuliza unamjibu."

Chatsworth

Siku ya dua ya Bi Rehema, ambayo Shamima alikuwa ametualika, ilikuwa Jumapili. Tulikwenda wanne, Neema akiwa mgongoni kwangu. Nyumba ya Shamima ilikuwa imejaa watu, watoto wamevaa fulana nyeupe zenye yale maneno mawili. Chakula kilikuwa biriani, na mikate iliyotobolewa katikati ikajazwa mchuzi wa maharage, wenyewe wanaita bani chau, unakula bakuli lako mpaka linakwisha. Mkubwa wa shughuli alikuwa Mzee Idrisi, mpwa wa Bi Rehema, mtu wa miaka sitini na kitu, ndevu nyeupe, suti imenyooka. Mama yake, Halima, alikuwa mdogo wa Bi Rehema. Halima alifariki Idrisi akiwa mdogo sana, akalelewa na watu wa baba yake mbali na pale.

Baada ya dua Mzee Idrisi alihutubia. Alieleza namna shangazi, ndivyo wanavyomwita Bi Rehema, alivyosimama peke yake mbele ya serikali na maneno matakatifu. Kisha Shamima akasema, "Leo tuna mgeni kutoka Tanzania, anasema ameyaelewa maneno." Nilikuwa nimempigia simu kumwambia hivyo, lakini maana sikumpa. Nilitaka niiseme nikimwona machoni.

Nikasimama na Kiingereza changu cha kidato cha nne. Nikasema, "Ni Kiswahili. Sitoki, sijaanua. Maana yake, siondoki hapa, bado sijatoa nguo zangu kwenye kamba."

Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo shangazi alikuwa anapigia kelele nguo za kufua?" Mzee Idrisi alishusha macho kwenye fulana ya mjukuu wake kama anayeisoma mara ya kwanza. Nilitamani ukungu wa Van Reenen ushuke pale ndani.

Pembeni, kwenye kochi, alikuwa ameketi bibi mmoja mkongwe, Bi Mariamu. Walikuwa jirani na Bi Rehema kule Bluff, yeye akiwa mwari wakati wa malori. Alikuwa anakula kimya muda wote. Akaweka sahani chini.

"Ndiyo," akasema. "Nepi."

Kila mtu akamgeukia. Alizungumza Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu, Shamima akawa ananirudia polepole.

"Kumbe wewe wajua?" Shamima akamuuliza. "Miaka yote hii?"

"Nilidhani mnajua. Hakuna aliyeniuliza. Waliokuja kuuliza walikuwa wanaume, na wanaume waliwajibu wanaume." Akajifuta mikono. "Halima alikuwa amejifungua. Kitanda chake kilikuwa bado cha moto lori lilipokuja. Alitoka damu nyingi, hawezi hata kukaa. Yule mzungu wa serikali akasema hata wagonjwa wapakiwe. Kule Chatsworth nyumba haina mlango bado, upepo unapita. Rehema akasema mdogo wake atamaliza arobaini yake ndani ya nyumba aliyozalia. Akatundika nepi zote kwenye kamba mbele ya lori. Akasema sitoki, sijaanua."

"Na zilipokauka?" Esperansi akauliza. Alikuwa amesogea mbele bila kujijua.

Bi Mariamu akatabasamu, meno mawili. "Hazikukauka. Lori likionekana chini ya kilima, tulikuwa tunazimwagia ndoo za maji. Mzungu anafika, anashika nepi, zinatiririka. Rehema anamwonyesha: mbichi! Ataziweka wapi, kwenye lori na magodoro? Akirudi siku nyingine, mbichi. Majirani wakaona, nao wakatundika. Mashuka, mapazia, kanzu za msikitini. Kilima chote kinatiririka, hakuna mwenye nguo kavu. Alijua hiyo sheria hawezi kuivunja. Lakini nguo aliweza kuzilowesha."

Sasa watu walikuwa wanacheka na kujifuta macho kwa pamoja. Mzee Idrisi peke yake hakucheka. Aliuliza taratibu, "Mama yangu alikuwa ndani?"

"Ndani, amelala."

"Na mtoto aliyezaliwa..."

"Halima alizaa mara moja tu, Idrisi."

Alikaa. Miaka yote alikuwa anasimama mbele ya watu kusimulia habari ya shujaa, hajui kwamba yeye mwenyewe alikuwa mle ndani. Shamima akamfuata, akapiga magoti mbele yake. Bi Mariamu akaendelea kumwambia yeye tu, kama sisi wengine hatupo.

"Siku ya arobaini Rehema aliziacha zikauke. Lori likaja, na polisi safari hii. Akaanua moja moja, akakunja, akaweka kwenye kapu. Akamwita Halima atoke. Halima akatoka anatembea kwa miguu yake, wewe kifuani. Mzungu akaonyesha nyuma ya lori. Rehema akafungua mlango wa mbele. Mbele, pembeni ya dereva mzungu! Akasimama na kapu lake mpaka Halima akaketi. Ndipo akapanda nyuma."

"Nani alikuwa anazifua hizo nepi?" Mzee Idrisi akauliza.

"Sote. Hata mimi. Na wewe ulikuwa hutuhurumii."

Hapo akacheka, machozi yanaingia kwenye ndevu, na nyumba nzima ikaangua kicheko naye. Aliomba nimfundishe kuyatamka vizuri. Tukayasema wote, watoto na wakubwa, mpaka Neema akaamka akalia.

Kuondoka

Niliondoka arobaini ya Neema ilipokwisha. Esperansi alinisindikiza kituoni na hakutaka kuniachia mkono. Tulikuwa tumeshazoeana; mimi nasema lundi, yeye anasema arobaini.

Basi likiwa karibu kuondoka, nikamwona Mzee Idrisi anapita katikati ya watu na suti yake ile ile, anatafuta dirisha langu. Nikateremka. Aliniletea keki iliyofungwa kwenye karatasi, akasimama kama mtu mwenye swali asiyejua aliulizeje.

"Kwenu," akasema, "mtu aliyekulindia arobaini yako na ya mama yako, unamshukuru vipi?"

Nikamwambia akiwa hai unamwendea na zawadi. Akiwa amekufa unamwendea kaburini ukamwombea.

"Kaburi liko Bluff, kwenye makaburi yetu ya zamani. Nimekwenda kila mwaka," akasema. "Na watu wengi, na hotuba. Sijawahi kwenda mwenyewe." Akavua miwani, akaifuta, hakuivaa. "Kesho nitakwenda peke yangu. Nikamwambie mimi ni nani."